Kuku wa Babu kwenye chungu cha umeme

Kikundi: Ukoo wa Ngomeni
Jumamosi

[07:48] Halima: Assalamu alaikum nyote. Nyanya ameamka salama alhamdulillah, ila fizi bado zinamuuma tangu ang'olewe yale magego. Uji tu ndio unaopita. Jana usiku kaniambia anatamani "kuku wa Wataliano" wa Babu. Kwa kuwa sote tunakutana kwake leo baada ya maghribi, nataka nimpikie. Nitatumia kile chungu cha umeme cha kupikia polepole (slow cooker) alichokuja nacho Omari kutoka Dubai. Nani anakumbuka Babu alivyokuwa akimpika?

[07:53] Ami Athmani: Waalaikum salaam mwanangu. Jina lake pollo alla cacciatora, yaani kuku wa kimwindaji. Marehemu baba alijifunzia Ngomeni, karibu na Malindi, kwenye jiko la Wataliano wa San Marco, wale waliokuwa wakirusha roketi kutoka majukwaa ya baharini. 12 Desemba 1970 walirusha satelaiti wakaiita Uhuru, maana iliangukia sikukuu yetu ya uhuru wa Kenya. Baba alikuwa jikoni siku hiyo. Mafundi walichelewa mno kuja kula, kuku akabaki juu ya makaa yanayofifia, kifuniko hakikufunguliwa. Alisema hakuwahi kusifiwa kama siku ile. Kwa hiyo hicho chungu chako nakiona kama makaa yale yale.

[07:55] Halima: Allah amrehemu. Hii sikuwahi kuisikia Ami.

[07:56] Halima: Lakini mwezi uliopita nilijaribu na sikufanikiwa. Nilitia kila kitu kwa pamoja, na maji vikombe 3 kama ninavyopika mchuzi siku zote. Jioni nafunua, kuku anaelea kwenye maji mekundu, ngozi imekuwa kama mpira. Nilisikitika sana, kuku mzima yule.

[08:04] Salma (Firenze): Shikamoo Ami. Shikamoo Shangazi Zena. Halima dada yangu, hayo maji ndiyo yaliyokuharibia. Chungu kile hakitoi mvuke. Kwenye sufuria ya kawaida maji yanakauka huku ukikoroga, lakini pale mvuke unagonga kifuniko na kurudi chini. Nyanya zina maji yake, kitunguu kina yake, na kuku mwenyewe anatoa yake. Leo usitie hata tone.

[08:05] Ami Athmani: Marahaba Salma.

[08:06] Halima: Hata nusu kikombe?

[08:06] Salma (Firenze): Hata nusu kikombe. Niamini.

[08:09] Salma (Firenze): Na umpate kuku wa kienyeji. Wa kisasa ukimpika kwa muda wa saa 7 anasambaratika, unaanza kuokota mifupa mdomoni, na Nyanya na hizo fizi zake asije akaumia. Wa kienyeji anastahimili. Chukua mapaja na miguu. Kidari kiache kwa siku nyingine, kinakauka hata kikiwa ndani ya mchuzi.

[08:12] Omari: Niko sokoni sasa hivi, nachukua. Vipande vingapi?

[08:13] Halima: Mapaja na miguu, jumla vipande 8. Na nyanya 6 zilizoiva sana, vitunguu 2, karoti 1, hoho 1 jekundu, kitunguu saumu. Seleri na rozimari muulize yule mama wa mboga anayeuzia mahoteli. Zeituni nyeusi ninazo, na ukwaju uko kwa Nyanya.

[08:14] Omari: Sawa. Sitakuletea wa friza.

[08:15] Salma (Firenze): Vizuri, tena muhimu. Kuku wa barafu haingii kwenye chungu kile. Kinapasha polepole mno, nyama inakaa vuguvugu saa nzima na zaidi, na huo uvuguvugu ndio vijidudu wanaoupenda. Lazima barafu imtoke kabisa kwanza.

[08:21] Salma (Firenze): Sasa Halima, kabla ya chungu kuna kazi ya sufuria. Usiiruke. Mpanguse kila kipande kwa kitambaa mpaka akauke, tia chumvi na pilipili manga, kisha mafuta ya zeituni yakishapata moto mlaze upande wa ngozi. Vipande 4 kwa mara moja, wasibanane. Wakibanana wanatoa maji na kuchemka badala ya kukaangika. Usiwageuze mpaka waachie sufuria wenyewe, kama dakika 6. Ngozi iwe na rangi ya kaimati.

[08:22] Shangazi Zena: Rangi ya kaimati, hapo nimekuelewa.

[08:24] Salma (Firenze): Shikamoo Shangazi 😊 Ukimaliza kuku, kwenye mafuta yale yale tia kitunguu, karoti na seleri, vyote vimekatwa vidogo vidogo sana. Huku Toscana wanaita battuto. Dakika 10 moto mdogo, saumu mwishoni isiungue. Halafu wao humimina glasi ya divai nyekundu na kukwangua ule ukoko ulioshika chini. Ladha yote iko kwenye ukoko ule. Bila shaka sisi divai hatutii. Mimi hutia siki ya zabibu vijiko 2 vikubwa na maji kidogo ya kukwangulia, yanakauka hapo hapo.

[08:29] Shangazi Zena: Marahaba mwanangu. Siki hapana. Kwa baba ilikuwa ukwaju. Huko kazini alipika kwa divai kwa sababu ndivyo walivyotaka wenyewe, naye hakuonja, alikuwa akinusa tu mvuke na kujua. Nyumbani alituloweshea ukwaju. Mimi ndiye niliyekuwa nikiuchuja, nikiwa na miaka minane tisa, kwa mikono hii.

[08:31] Salma (Firenze): Shangazi, nilikuwa naogopa ukwaju utaushinda utamu wa nyanya, na mchuzi uwe mweusi.

[08:33] Shangazi Zena: Mweusi kidogo ndiyo. Ndiyo rangi yake.

[08:34] Ami Athmani: Dada anasema kweli. Mchuzi wa baba ulikuwa wa hudhurungi. Mimi nilipokula wa mahotelini Malindi, mwekundu ule, niliona si wenyewe.

[08:36] Salma (Firenze): Basi ukwaju. Kazi ya divai pale ni ule uchachu unaokata mafuta, na ukwaju unaifanya. Na hata hawa wenyewe hawana njia moja. Kuna wanaotia divai nyeupe bila nyanya kabisa, kuna wanaotia uyoga, kusini wanapenda hoho. Jirani yangu hapa, bibi wa miaka 80 na zaidi, hukasirika akiona hoho. Kiasi gani Shangazi?

[08:38] Shangazi Zena: Donge la ukubwa wa ndimu ndogo. Maji ya moto nusu kikombe, ukae robo saa, kisha ukamue na kuchuja. Usizidishe.

[08:39] Halima: Hayo maji nusu kikombe si yale niliyokatazwa?

[08:40] Salma (Firenze): Hayo yanachemkia kwenye sufuria mpaka yabaki mazito kama asali. Ndipo unatia nyanya ulizomenya na kuponda, zichemke dakika 5, halafu vyote chunguni. Mchuzi chini, kuku juu, ngozi iangalie juu. Rozimari kijiti kimoja. Moto mdogo, muda wa saa 7.

[08:41] Salma (Firenze): Zeituni na hoho visitangulie. Nusu saa ya mwisho vinatosha. Zeituni zikikaa siku nzima zinautia mchuzi chumvi na uchungu.

[10:06] Halima: 📷 Nimefunika sasa hivi, saa nne na dakika sita. Seleri imepatikana, rozimari Omari kaipata kwenye ua wa jirani. Nyumba nzima inanukia na hata hajaiva.

[10:07] Halima: 📷 Na huu ndio ukoko wa sufuria kabla sijamimina ukwaju. Ukwaju ulipoingia tu ulifoka, nikakwangua kwa mwiko, sufuria ikabaki inang'aa kama imeoshwa.

[10:10] Shangazi Zena: Mashallah. Sauti ile ya kufoka naikumbuka.

[11:15] Omari: Nimepita jikoni. Nifunue nionje?

[11:15] Salma (Firenze): Omari!! Usifunue. Kila ukifunua joto lote linatoka, unaongeza dakika 20 mpaka 30. Kifuniko ni cha kioo, tazama kwa macho.

[11:16] Omari: Nimetazama. Vipovu vidogo pembeni.

[11:17] Salma (Firenze): Ndivyo inavyotakiwa.

[12:41] Halima: Stima imepotea 😭

[12:41] Halima: Mtaa mzima. Nifanyeje? Nachukua lile bakuli la ndani ya chungu naliweka kwenye gesi.

[12:42] Omari: SUBIRI. Usiweke hilo bakuli kwenye gesi. Ni la udongo wa kigae, moto wa chini utalipasua vipande viwili na chakula chote chini. Nimeona kwa macho yangu huko Dubai, mwenzangu tuliyekaa naye chumba kimoja.

[12:42] Halima: Lahaula. Nilikuwa nimeshalishika.

[12:44] Salma (Firenze): Liache limefunikwa. Nusu saa joto lake halitoki. Stima isiporudi saa saba na robo, hamishia kwenye sufuria nzito, moto mdogo kabisa wa gesi, ufunike. Usiache mpaka apoe eti unangoja stima. Chakula kikishuka chini ya nyuzi 60 kikakaa hivyo zaidi ya saa 2, hakifai kuliwa, hata ukikichemsha tena.

[12:45] Ami Athmani: Halima usihangaike mwanangu. Marehemu baba hakuwa na stima.

[13:16] Halima: Haijarudi. Nimehamishia sufuria ya pilau ya Nyanya, ile nzito. Nimemtoa kipande kipande kwa upawa, asivunjike. Moto mdogo mno, naskiza tu mlio wake.

[13:17] Halima: Sasa nimemwona vizuri. Nyama imeanza kuvuta nyuma kutoka kwenye mfupa, mfupa umechungulia kama kidole hivi. Mchuzi ni mzito!! Hauna maji kabisa. Na rangi ni ya hudhurungi, Shangazi.

[13:19] Shangazi Zena: Alhamdulillah.

[14:22] Halima: Stima imerudi. Nirudishe?

[14:23] Salma (Firenze): Akiwa anachemka bado, rudisha. Pasha bakuli kwanza kwa maji ya moto uyamwage, lisishtuke likapasuka. Kisha moto mdogo mpaka saa kumi na moja.

[16:32] Halima: Nimetia zeituni 15 na hoho. Ami, mnaleta mkate au nipike wali?

[16:35] Ami Athmani: Baba alikuwa akila na sima.

[16:37] Salma (Firenze): Ami, hapo umenigusa. Hata huku, hasa kaskazini, cacciatora wanaila na polenta, na polenta ni sima tu ya mahindi ya njano. Mara ya kwanza kuiona mezani nilidhani nimerudi nyumbani. Wanaikoroga kwa mwiko mrefu, bibi anatoka jasho, kama Nyanya kabisa. Ila yao laini, hukandi tonge.

[16:38] Halima: Basi nampikia Nyanya sima laini, hata fizi zitapumzika.

[18:58] Omari: 📷 Watu 14. Hakuna aliyebaki anaongea.

[19:04] Halima: Nyanya ametuma sauti, namwandikia Salma asiyeweza kusikiliza akiwa kazini. Anasema: "Salma mwanangu, nimekula paja zima. Sikutafuna, nimemmeza kama uji. Ukwaju umezidi kidogo, babu yenu alikuwa akitia pungufu ya hapo. Mwambie Zena amesahau, donge lilikuwa la kunazi, si la ndimu."

[19:06] Shangazi Zena: Mama kunazi ni dogo au kubwa kuliko ndimu?

[19:07] Halima: Anasema lile tunda dogo la mwituni, walilokuwa wakichuma njia ya Ngomeni.

[19:08] Shangazi Zena: Ni kweli. Ni kweli kabisa, sasa naliona. Nilikuwa nikilinganisha kwenye kiganja.

[19:11] Salma (Firenze): Nimetoka kazini sasa hivi, nimesoma yote nikiwa kituo cha basi. Ukwaju nikiupata duka la Wahindi nitampika Jumapili. Halima nibakishie picha ya mchuzi, ule wa pembeni ya sahani ulioganda na mafuta.

[19:12] Halima: 📷

[19:13] Omari: Kimebaki kipande kimoja chunguni. Nyanya kasema ni chake cha usiku, asiguse mtu.