West Highland Way na MTB (baiskeli ya milimani) siku moja, naweza ama najidanganya?

kijana_wa_uthiru:
Wasee habari zenu. Niko na swali na naomba msinicheke sana. Mwezi wa sita naenda Glasgow kumuona dada yangu, ako huko anasoma, nitakaa wiki tatu na nimeshaamua baiskeli naenda nayo. Sasa kuna hii njia ya miguu ya Scotland inaitwa West Highland Way, inaanzia Milngavie hapo nje kidogo ya Glasgow inaishia Fort William, kilomita 154. Watu wa kawaida wanaitembea siku sita ama saba hivi lakini kuna wenye wanaipiga na MTB siku moja tu, asubuhi mpaka usiku. Mimi mwaka jana nilitoka hapa Nairobi nikaenda Naivasha nikarudi siku hiyohiyo kupitia Mai Mahiu, kama 180 hivi, masaa tisa na nusu na hapo nimehesabu chai na chapati. Alafu nimeangalia sehemu ya juu kabisa ya hiyo njia ni mita 550 hivi, yaani hiyo ni kimo cha mji wa Voi tu! Sisi tunalala mita 1,700. Mwezi wa sita nasikia pia jua huko halitaki kulala.

Baiskeli yangu ni haditeli (ile haina springi nyuma) ya magurudumu ya inchi 29, ya mtumba lakini fundi ameifanyia kazi poa, tairi ni upana wa inchi 2.1. Nauliza, nianzie upande gani, nibebe nini, na je hawatanifukuza? Manake nasikia Uingereza njia za watembea kwa miguu baiskeli haitakiwi. Dada yangu anasema nimerukwa.

babu_gia:
Kijana, dada yako anajua kitu.

Nilikaa Glasgow miaka minne kikazi na hiyo njia nimeijaribu mara mbili. Tuanze na hizo hesabu zako. Naivasha ni lami. Kilomita 154 za huko haziko sawa, kuna zile utamaliza ishirini kwa saa moja na nusu na kuna zile saa nzima utapata nne, na hizo nne umetembea. Ukisoma ile namba peke yake unajiona umeshafika.

Milngavie (wenyewe wanatamka Malgai, ukiuliza vile imeandikwa watakuangalia tu) mpaka Drymen ni mteremko wa raha, kama kilomita 19, mageti tu ndiyo yanasumbua, unashuka unafungua unafunga unapanda, mpaka unachoka na mageti kuliko vilima. Baada ya hapo kuna Conic Hill ambayo ina ngazi, na upande wa kushuka Balmaha imejaa familia na mbwa, mimi nilipitia barabara ya chini na sikujuta. Balmaha mpaka Rowardennan ni panda shuka kando ya ziwa, hiyo Loch Lomond, bado unacheka.

Ikitoka Rowardennan kwenda Inversnaid na Inverarnan ndio kazi. Kilomita 22 hivi kando ya Loch Lomond. Mwanzo kuna barabara ya msitu, unajiambia mbona walinitisha, alafu ile barabara inaisha na njia inaingia katikati ya mawe makubwa kama friji na mizizi imelowa, mahali pengine unatumia mikono kupanda. Sasa weka baiskeli ya kilo 13 begani. Pedali inakugonga nyuma ya goti kila hatua, usukani unanasa kwa matawi, na chini hapo kulia, hapana kushoto, ni maji. Kulikuwa na mama mmoja mzee na fimbo yake, nikiinua baiskeli juu ya jiwe ananipita, nikipata mita hamsini za kuendesha nampita, alafu ananikuta nimekwama tena. Mara ya tatu akaniuliza kwa upole kabisa kwa nini nimeleta baiskeli matembezini. Sikuwa na jibu. Hizo kilomita 22 zilinichukua karibu masaa matano, nikafika Inverarnan mikono inatetemeka hata siwezi kufinya breki, na hapo sijafika hata nusu ya njia. Niliishia hapo, nikajikokota mpaka stesheni ya Ardlui nikapanda treni kama mtu wa kawaida.

Mara ya pili nilipanda treni mpaka Crianlarich nikaanzia hapo kwenda kaskazini. Ni kama nusu ya njia lakini ndiyo nusu tamu, siku moja inakutosha na unabaki na miguu ya kufurahia. Fikiria hiyo.

shiru_tairi_mbili:
Babu umenikumbusha maumivu 😂

Kaka, mimi nataka kuongelea hiyo tairi yako ya 2.1. Badilisha. Kuanzia Tyndrum kwenda juu sehemu kubwa ni barabara za zamani za wanajeshi wa karne ya 18, mawe kwa mawe, na kila baada ya hatua kadhaa wameweka mitaro ya mawe inakata njia ili maji ya mvua yatoke. Yale mawe ya ukingo yamesimama kwa ncha. Ukishuka na spidi, tairi ya mbele unainua vizuri, ya nyuma unasahau, tyubu inabanwa kati ya rimu na jiwe inatoboka pande zote mbili mara moja. Mimi nilipata pancha tatu kushuka Kinlochleven, tatu! Kutoka juu ya Devil's Staircase (hiyo ndiyo Voi yako) unashuka mpaka karibu usawa wa bahari na njia yote ni kokoto zinateleza. Nikabandika kiraka nimekaa kwa jiwe, na hapo ndipo nilijua usubi ni nini.

Usubi wa huko usiufananishe na mbu. Ni vidogo kama nukta, vinakuja wingu zima, na kwa macho na masikio vinaingia. Ukiendesha havikupati, upepo ukiwa mwingi pia havitoki, lakini simama tu dakika mbili jioni imetulia, utaacha pampu chini ukimbie. Nunua neti ya kichwa, ni bei ya soda, na mwezi wa sita ndio msimu wao.

Kwa hivyo tairi 2.35 kama fremu yako inakubali, na uende bila tyubu, ile ya kuweka maji ya gundi ndani. Tyubu moja ya dharura beba. Breki pia weka pedi mpya na ubebe nyingine, mchanga wa huko umelowa unakula pedi haraka kuliko vumbi letu la Kajiado.

mwendo_pole:
Mimi sitaki kuharibu stori lakini hii haraka ya siku moja siielewi. Rannoch Moor, kutoka Inveroran mpaka Kingshouse, kilomita 16 hakuna nyumba hakuna mti, kinamasi na milima na anga tu, alafu mtu anaipita akiangalia saa ya mkononi. Haya, ni mguu wako.

Kuhusu kufukuzwa, hapana. Scotland wana sheria yao ya ardhi ya 2003, inakupa haki ya kupita hata na baiskeli bora uheshimu wenye wako njiani. Ni England ndiyo wana hayo mambo ya hii ya miguu hii ya farasi. Lakini haki si kibali cha kupitia watu kwa masikio. Weka kengele, na ukikuta watembeaji kwa njia nyembamba wewe ndiye unasimama. Wengine wamebeba mkoba mzito siku ya tano, miguu imejaa malengelenge, usitarajie waruke kwa majani kwa sababu wewe unataka rekodi. Kuna mahali kondoo wamelala katikati ya njia, hao nao hawasikii kengele.

Na nguo. Nguo za mvua kamili, si kile kijaketi chembamba cha kuendea Karura. Mwezi wa sita unaweza kupata siku moja tamu kama Januari ya Nairobi na kesho yake Kinangop ya Julai na upepo.

babu_gia:
Nimesahau treni. Kurudi kutoka Fort William lazima uwe umewekea baiskeli nafasi mapema, nafasi ni chache, na mtu akikuambia utapanda tu uombee, usimwamini. Pia ukisafirisha baiskeli kwa ndege beba kile kichuma kinachoshikilia gia ya nyuma, cha ziada, wamenikunjia mara moja (sitasema shirika gani) na nilitembea Glasgow nzima kutafuta kinacholingana na fremu yangu.

kijana_wa_uthiru:
Asanteni sana, kwanza nimenyamaza kidogo 😅 Hiyo ya mama na fimbo imeniingia. Nilikuwa nimehesabu masaa kumi na nne nikiwa nimeweka wastani wa kilomita 11 kwa saa, kumbe kuna mahali ni nne. Nimeangalia, katikati ya mwezi wa sita Fort William jua linatoka saa kumi na nusu alfajiri linazama saa nne usiku, kwa hivyo mwanga ni kama masaa kumi na saba na nusu, bado kichwa kinaniambia inawezekana. Lakini sijawahi kubeba baiskeli zaidi ya ngazi za fletini kwetu, ghorofa ya tatu.

Shiru, fremu inakubali 2.35, nimepima na vidole hapa, inabaki nafasi kidogo sana nyuma.

shiru_tairi_mbili:
Vidole si kipimo. Matope yakiingia hapo gurudumu halizunguki. Peleka kwa fundi aweke kabla hujanunua.

babu_gia:
Sikiza. Jumamosi mimi na Shiru tunaenda Ngong Hills, saa kumi na mbili asubuhi tuko getini. Utabeba baiskeli begani kutoka kilima cha kwanza mpaka cha pili, kushuka na kupanda, bila kuiweka chini, na begi likiwa na maji lita mbili. Ukimaliza na bado unataka kuongea na sisi, nitakupa muda wangu wote wa Loch Lomond sehemu kwa sehemu upange hiyo siku moja yako. Ukiweka chini, tunakata tiketi ya Crianlarich.

kijana_wa_uthiru:
Nakuja. Bega lipi linafaa, la kulia ama la kushoto?

shiru_tairi_mbili:
La kulia, cheni iangalie nje, kama hutaki grisi shingoni. Na ufunge taulo kwa fremu.