Mjadala: Vifo vya upasuaji wa moyo vitangazwe kwa jina la daktari mmoja mmoja?

Wakuu, naleta hoja. Wapo wanaodai kila daktari bingwa wa upasuaji wa moyo na mapafu atangaziwe hadharani idadi ya wagonjwa waliofia mikononi mwake, ili mtu ajue anamkabidhi nani kifua chake.

Madai hayo hayakuzuka hivi hivi. Mjini Bristol, Uingereza, watoto wenye kasoro za moyo walikufa mwaka baada ya mwaka huku wapo ndani ya hospitali waliojua mambo hayaendi sawa. Daktari wa usingizi, Stephen Bolsin, ndiye aliyepiga kelele. Ripoti ya uchunguzi ya 2001 ilikadiria kwamba kati ya 1991 na 1995 vifo vya watoto wa chini ya mwaka mmoja vilizidi kwa 30 hadi 35 vile ambavyo vingetarajiwa katika kitengo cha kawaida. Marekani, jimbo la New York lilikuwa limeshaanza kutoa takwimu zenye majina tangu 1991, baada ya gazeti la Newsday kwenda mahakamani. Mzazi anayedai takwimu simlaumu hata kidogo. Mtoto angekuwa wangu, ningezidai pia.

Ila jina la mtu mmoja nalipinga. Nimekaa miaka mingi kwenye mashine ya moyo na mapafu, ile inayopokea kazi ya viungo hivyo wakati moyo umesimamishwa, na nimeona ubingwa huu unavyopatikana.

Anayeusomea haanzi na moyo. Anaanza na mguu, akitoa mshipa utakaopandikizwa kwenye moyo. Baadaye anafundishwa kupasua mfupa wa kidari kwa msumeno, kisha kuweka mirija ya kupeleka damu kwenye mashine na kuirudisha. Miaka inapita ndipo anapewa sindano. Ateri anayoishona ina upana wa milimita 2 hivi, na uzi ni mwembamba kama unywele. Mshipa mkuu umebanwa, moyo umetulia, na kila dakika inayopita misuli yake inazidi kukosa damu.

Namkumbuka daktari mmoja binti siku alipopitisha mshono wake wa kwanza kwenye ateri ya moyo. Mkubwa wake hakusema neno. Alisogeza tu ukingo wa mshipa kidogo ili binti auone vizuri. Mimi nikataja muda tangu moyo usimamishwe: dakika 40. Mkubwa angekuwa ameshamaliza zamani, lakini alimwacha. Mgonjwa alitoka salama.

Sasa kama mkubwa angejua kwamba mgonjwa yule akifa, kifo kitaandikwa gazetini kwa jina lake, angeiachia ile sindano? Na mzee wa miaka 80 mwenye figo mbovu nani atampokea? Wapo madaktari wa New York waliohojiwa wakakiri kuwa waliwakataa wagonjwa wa hatari. Kweli, vifo kule vilipungua baada ya takwimu kuanza kutolewa, ingawa sababu yake bado inabishaniwa.

Mtaniambia kuna vipimo vya kusawazisha uzito wa ugonjwa, yaani kukadiria hatari ya kila mgonjwa kabla hajapasuliwa, kama EuroSCORE iliyotoka 1999. Vinasaidia, sikatai. Lakini chukua daktari anayepasua watu 100 kwa mwaka, ambao wawili kati yao wanatarajiwa kufa. Wakifa wanne, ameonekana mbaya mara mbili, na inaweza kuwa ni bahati mbaya tupu. Tena kosa linaweza kuwa la usingizi, la chumba cha wagonjwa mahututi, au langu mimi kwenye mashine.

Ninachotaka ni hiki: takwimu za kitengo kizima ziwe wazi kwa kila mtu. Za daktari mmoja mmoja zikaguliwe kila mwezi na wataalamu wa nje wenye mamlaka ya kumsimamisha siku hiyo hiyo. Bristol taarifa zilikuwepo, kilichokosekana ni mtu wa kuchukua hatua. Na mgonjwa aambiwe mapema, kwa lugha anayoielewa, kama mwanafunzi atashika sindano na nani atasimama naye.

Mnaotaka majina, naomba mnijibu hili kwanza: yule binti angejifunzia kwa mgonjwa gani?