Tumelipia kadi za harusi za letapresi, tumepewa za printa, na mama yetu aliye hai kaandikwa MAREHEMU

Wakuu, salaam. Ni saa sita usiku na usingizi hauji, hii siku ya pili. Naomba msome mpaka mwisho kabla hamjaniambia "si ni kadi tu".

Mdogo wetu wa mwisho anaoa. Sisi ni upande wa bwana harusi, kwa hiyo kadi za mwaliko zinatoka kwetu. Mimi ni dada yao mkubwa na ndiye katibu wa kamati. Baba alitangulia mbele za haki mwaka 2016. Mama yupo, ana miaka 74, anaishi Lushoto, shambani kwake. Maneno ya juu ya kadi tuliyapanga kama desturi inavyotaka: Familia ya Marehemu Bwana fulani na Bibi fulani inayo furaha kukualika.

Jumanne kadi zikaletwa, maboksi matatu, kila boksi kadi mia. Mama alikuwa kwangu, ameshuka Dar kwa ajili ya kikao cha mwisho. Akasema anataka awe wa kwanza kuishika kadi ya mwanawe. Nikafungua boksi lililokuwa karibu, nikampa. Akavaa miwani, akasoma taratibu kama anavyosoma Biblia, kidole chini ya mstari. Kisha akavua miwani, akanirudishia kadi, akasema, "Hapa nimeshazikwa." Akaingia chumbani akafunga mlango.

Kadi ilisema: Familia ya Bwana fulani na Marehemu Bibi fulani.

Baba aliyelala kaburini miaka yote hii ndiye anayealika watu, na mama aliyenizaa, aliyepanda basi kutoka Lushoto na magunia mawili ya ndizi kwa ajili ya kamati, ndiye marehemu. Sijui niwaelezeje jinsi nilivyojisikia nikiwa nimesimama pale sebuleni.

Sasa, kosa la kuandika nalijua, mwanadamu hukosea. Kilichonifanya nifungue uzi huu ni nilichogundua nilipokaa chini na yale maboksi matatu usiku ule.

Turudi nyuma kidogo. Baba alikuwa mpanga herufi. Alianza kijana katika kiwanda cha uchapaji cha Vuga, kule Soni, enzi za herufi za risasi. Kwa wasiojua: kila herufi ilikuwa kipande cha chuma, imechongwa kinyume kama unavyojiona kwenye kioo, na mpangaji alikuwa anaziokota moja moja kutoka kwenye visanduku na kuzipanga mstari kwa mstari. Zikishafungwa barabara zinapakwa wino, karatasi inagandamizwa juu yake. Hiyo ndiyo letapresi. Baba alikuwa akishika karatasi yoyote iliyochapwa anaigeuza kwanza, anapitisha kidole gumba mgongoni. Tulipokuwa wadogo tulidhani ni namna ya kusali.

Kwa hiyo tulipokaa kupanga harusi, mdogo wangu alisema jambo moja tu: kadi zipigwe kwa mtindo wa baba. Kamati ililalamika kuhusu gharama, na walikuwa na haki. Tukakubaliana ndugu wanne tutoe hela zetu mfukoni, mchango wa watu usiguswe.

Wiki saba zilizopita nikaenda kwenye duka moja la kadi hapa Dar. Jina sitaji, wasimamizi wa jukwaa msihangaike. Wakanionyesha sampuli nzuri ajabu: karatasi nene ya pamba, haing'ai, herufi zimezama ndani kiasi kwamba unaweza kuzisoma ukiwa umefumba macho. Wakanipeleka mpaka nyuma kunionyesha mashine. Heidelberg nyeusi, ile yenye mikono miwili inayozunguka ikiokota na kuweka karatasi. Wajerumani waliacha kuzitengeneza mwaka 1985, lakini zinadunda hadi leo kwenye matbaa nyingi kwa sababu hakuna kinachozishinda kwa kupiga namba kwenye vitabu vya risiti, kutoboa mistari ya kuchania na kukata maumbo. Siku ile ilikuwa inapiga namba. Nilisikia mlio wake nikakumbuka nyumbani, na nikiri kwamba pale ndipo nilipoacha kuuliza maswali.

Bei ilikuwa shilingi 9,500 kwa kadi, kadi 300, jumla 2,850,000. Dukani kwao kadi ya kawaida ya printa ni 2,500. Walinieleza tofauti inatokana na nini na maelezo yalikuwa sahihi kabisa: siku hizi hatupangi risasi, maneno yanatengenezewa pleti ya plastiki ngumu kutoka kwenye kompyuta, sisi tutaiagiza Nairobi, kila rangi ina pleti yake na mzunguko wake kwenye mashine, karatasi ya pamba ni ghali, fundi analisha na kukagua. Nikalipa asilimia 70, yaani 1,995,000. Risiti ninayo.

Prufu ya kwanza, yaani nakala ya kukagua kabla ya kupiga, ilikuja WhatsApp ikiwa na makosa mawili. La kwanza ni hilo la Marehemu kuhamia kwa mama. La pili, ibada iliandikwa "saa 3:00 alasiri", kwa sababu dizaina alichukua muda kutoka kwenye kadi yake nyingine ya Kiingereza akaubandika vilevile. Ibada yetu ni saa 9. Nikazungushia yote mawili wino mwekundu, nikapiga picha, nikarudisha, tena nikampigia simu nikamwambia, "Kaka, hilo la mama ni zito, tafadhali." Prufu ya pili ikaja safi. Nikajibu: sawa, pigeni. Tarehe na saa vipo kwenye simu yangu.

Boksi la kwanza na la pili ni sahihi. Boksi la tatu, kadi zote mia moja, ni ile prufu ya kwanza. Marehemu Bibi. Saa 3:00 alasiri.

Wakuu, fikirini hapo pamoja nami. Letapresi inatumia pleti. Pleti ni kitu cha kushika, maneno yamechomoza juu yake, na hayabadiliki. Ukipiga kadi 10 au 10,000, zote zitasema neno lile lile, liwe sahihi au liwe kosa. Pleti moja haiwezi kusema kwenye boksi la pili kwamba marehemu ni baba na kwenye boksi la tatu kwamba marehemu ni mama. Na hakuna mtu anayeagiza pleti mbili za maneno kutoka Nairobi kwa kadi moja. Kinachoweza kubadilika katikati ya kazi namna ile ni faili. Mtu alikuwa anatuma faili kwenye printa, kazi ikasimama, labda kesho yake akaendelea mwingine, akafungua faili la zamani. Hakukuwa na pleti. Haikuwahi kuwepo.

Ndipo nikageuza kadi nikapitisha kidole gumba mgongoni.

Fremu inayozunguka kadi imezama. Herufi mbili za majina ya maharusi pale juu nazo zimezama. Maneno yote yaliyobaki ni bapa. Yaani walichukua bloku moja ya fremu na herufi mbili, wakagandamiza bila wino kwenye ile Heidelberg, ili mteja akipapasa pembeni aridhike, halafu maneno wakayapitisha kwenye printa ya leza. Hapa hakuna bahati mbaya. Mtu alikaa akapanga mahali ambapo kidole changu kitagusa.

Niliendelea kuchunguza. Ukiilaza kadi upande wa taa, maneno yanang'aa, wakati wino wa letapresi hauna mng'ao wa namna hiyo. Nikaikunja kadi moja kwenye mstari wa maandishi, rangi ikapasuka na kumeguka kama ganda. Huo ni unga wa printa uliokaa juu ya karatasi. Asubuhi nikaenda kwa sonara mtaani kwetu, akaniazima kile kioo chake kidogo cha kukuzia. Pembeni mwa kila herufi kuna vidoa vidogo vimetawanyika kama vumbi. Herufi iliyogandamizwa huwa na ukingo uliokoza, kwa sababu wino unasukumwa pembeni pleti inapobana. Kisha kuna ua la dhahabu kwenye kona, limefifia taratibu kutoka kukoza hadi kupauka kama picha. Letapresi inaweka wino au haiweki, haina katikati ya namna hiyo. Na karatasi yenyewe siyo pamba, ni kadi ngumu ya kawaida wanayoiita aivori, iliyopakwa, ngumu juu, hata ungeigandamiza kweli isingezama vizuri.

Nilirudi dukani Jumatano. Niliuliza kitu kimoja: nionyesheni pleti yangu, maana imo kwenye ankara, mstari wa tatu. Kwanza ikawa stoo. Baadaye fundi mwenye ufunguo kasafiri. Baadaye pleti huwa zinatupwa baada ya kazi. Mwisho meneja akatoka akaniambia letapresi ya kweli haizamishi herufi, kwamba wachapaji wa zamani walikuwa wanagusa karatasi tu.

Na hapa nilipandwa na hasira kwelikweli, kwa sababu ametumia ukweli kunidanganyia. Ni kweli wazee walikuwa wanagusa tu. Baba alikuwa akiona herufi imetokeza mgongoni anarekebisha mashine, kwa sababu kubana sana kulikuwa kunasaga herufi za risasi, na risasi ilikuwa mali. Watu walianza kupenda herufi zizame pale pleti za plastiki zilipokuja, ambazo hazina cha kuharibika. Lakini mimi sikuuziwa mtindo wa wazee. Niliuziwa ile sampuli iliyozama, iliyokuwa bado imelala pale mezani kati yetu tukizungumza. Na hata huko kugusa kwa wazee kulikuwa kugusa kwa chuma chenye wino.

Wamenipa ofa: watarudia zile kadi mia kwa printa bure, na nipunguziwe 200,000 kwenye deni la 855,000. Nimekataa. Nataka 1,995,000 yangu yote. Nimeandika barua ya madai, na Jumatatu napeleka malalamiko Tume ya Ushindani pamoja na sampuli, kadi za boksi la pili na la tatu, ankara na mazungumzo ya WhatsApp. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi. Kama kuna mdau humu aliyewahi kupeleka shauri pale, aniambie alianzia dirisha gani.

Kwa wale mnaojiandaa kuagiza: prufu ya kwenye simu haionyeshi kama herufi imezama. Daini karatasi moja iliyopigwa kwenye mashine yenyewe, kwa karatasi yenyewe, papasa MANENO siyo fremu, isaini, ibaki moja kwenu na moja kwao. Na pleti mmeilipia, ulizeni mapema kama mtapewa. Mimi sikuuliza.

NIMEONGEZA, ALHAMISI ASUBUHI: Nimesoma majibu yenu. Mlio wengi mnasema kadi ya WhatsApp ingetosha. Tumeituma hiyo pia, kwa wafanyakazi wenzetu na marafiki. Lakini ukoo wetu ni wa milimani. Wajomba zangu wana vitochi. Mzee wa kule akialikwa harusi anafuatwa nyumbani, anakaribisha, anapokea kadi kwa mikono miwili, na ile kadi inakaa kabatini nyuma ya kioo miaka na miaka. Ya baba na mama ya mwaka 1974 ipo mpaka leo, mama anaihifadhi ndani ya kitabu cha nyimbo. Ni hiyo tuliyotaka ifanane. Na aliyechanga, awe singo (mtu mmoja) au dabo (wawili), kadi ndiyo heshima yake mlangoni.

Aliyeandika "mama atakuwa ameshasahau": hajasahau. Jana kaniuliza kama zipo zilizokwisha kugawiwa. Nilimwambia hapana. Si kweli. Kaka yangu alichukua kadi 14 kutoka boksi la tatu kabla maboksi hayajafika kwangu, na nne tayari zilikuwa zimeshapanda basi kwenda Tanga. Tatu tumezipata. Moja bado iko kwa mtu.

NIMEONGEZA TENA, USIKU: Harusi ni baada ya siku 16. Natafuta fundi mwenye mashine ya kweli, awe Dar, Arusha, Moshi au hata Nairobi, anayeweza kupiga kadi 300, rangi moja tu, nyeusi, bila maua, karatasi nene isiyong'aa, ndani ya siku kumi. Mimi mwenyewe nitakuja kusimama pembeni ya mashine ikianza, na prufu ataisoma mama. Mwenye kumjua aniandikie PM kabla ya Ijumaa jioni.