Kuunganisha pampu ya kisima kwenye sola na umeme wa TANESCO

Swali
Ndugu zangu, habari za kazi. Shambani kwangu nje ya Dodoma nina kisima cha mita 60 na pampu ya kuzamisha ya HP 1.5, fezi moja, volti 230, inayotumia umeme wa gridi wa TANESCO (shirika la umeme Tanzania). Nataka mchana iendeshwe na sola bila betri, na siku za mawingu irudi kwenye gridi. Fundi anasema nyaya za inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uweze kuendesha pampu) na za gridi zikutane kwenye boksi la pampu, kila upande ukiwa na swichi yake. Je, ni salama?

Jibu la kwanza
Si salama hata kidogo, na naomba usimruhusu aanze kazi. Swichi mbili zinazojitegemea zinaweza kuwashwa pamoja, na hapo gridi itaingia kwenye inveta kupitia upande wa kutokea na kuiunguza. Tena umeme ukikatika, inveta inaweza kurudisha umeme kwenye laini ambayo fundi wa TANESCO anaamini haina kitu. Funga chenjiova moja (swichi ya kuchagua chanzo kimoja tu) yenye nafasi za I, 0 na II, yaani chanzo cha kwanza, kuzima na chanzo cha pili, inayokata laivu na nyutro kwa pamoja. Kabla ya kubadilisha, zima inveta, kisha subiri kwenye 0 mpaka mota isimame.

Jibu la pili
Mkuu hapo juu amesema kweli, ila kuna suala la kapasita, kile kifaa kinachoisaidia mota ya fezi moja kuanza kuzunguka. Inveta ya pampu hupandisha na kushusha hezi (mizunguko ya umeme kwa sekunde, inayoamua kasi ya mota) kulingana na jua, na mota ya fezi moja ikizunguka polepole, kapasita ya kuwashia inaweza isikatwe, mota ikaungua. Ningebadilisha mota tu, niweke ya fezi tatu volti 220, kisha ninunue inveta ambayo mtengenezaji wake ameruhusu iingizwe sola na gridi ya fezi moja. Hapo chenjiova ya kwenye mota haihitajiki. Mota hiyo inataka takriban volti 310 za DC (umeme wa mwelekeo mmoja, kama wa paneli), kwa hiyo paneli 9 za volti 37 zikiwa kazini, zikiungwa mfululizo zinatosha, mradi volti zake zisipokuwa na mzigo zisizidi kikomo cha inveta asubuhi ya baridi.

Muuliza swali
Nashukuru sana. Upande wa paneli naweza kutumia breka ya kawaida ya nyumbani?

Jibu la pili
Hapana, ndugu yangu. Umeme wa AC (unaogeuza mwelekeo, kama wa gridi) wa hezi 50 hupita kwenye sifuri mara 100 kwa sekunde, na hapo cheche ndani ya breka huzimika. DC haipiti kwenye sifuri, hivyo cheche huendelea kuwaka mpaka breka iyeyuke. Nunua breka iliyoandikwa DC, yenye volti zinazozidi za paneli zako zote.