Wayo wa panya unavimba baada ya SEA ya kichocho: ni mzio wa kuchelewa kweli?

Mpimaji
Wakuu, panya ni wa aina ya maabara C57BL/6, wameambukizwa serkaria (viluwiluwi vya kichocho) 30 za Schistosoma mansoni, sasa wako wiki ya 8 ya maambukizi. Wayo mmoja wa nyuma unachomwa mikrogramu 20 za SEA (antijeni mumunyifu ya mayai) katika mikrolita 30, wa pili PBS (maji ya chumvi yasiyo na antijeni). Uvimbe unafika kileleni saa ya 6. Saa ya 24 umeshapungua. Panya wasio na minyoo nao wanavimba. Naweza kuuita mzio wa kuchelewa?

Limfu
Bado, mkuu. Mzio wa papo hapo, wa kingamwili aina ya IgE, hujitokeza ndani ya saa ya kwanza. Ule wa kingamwili zilizoshikamana na antijeni, yaani Arthus, hupanda kati ya saa 4 na 8. Wa seli T (chembe za kinga), ndio huo wa kuchelewa, hukomaa kati ya saa 24 na 48. Pima saa 0, dakika 30, saa 6, 24 na 48.

Wanaonitia shaka zaidi ni hao wasio na minyoo. Hawana seli T zilizokwisha kukutana na SEA, basi kuna kitu kingine kinachowavimbisha. Mayai hutolewa kwenye ini lililosagwa, na bakteria wa utumbo huingia kirahisi. Pima endotoksini (sumu ya ukuta wa bakteria) kwa kipimo cha LAL. Kichujio cha mikromita 0.22 huzuia bakteria, lakini endotoksini hupenya; kuchemsha hakuiondoi, na kunaharibu protini zako.

Darubini
Hesabu: kila wayo utolewe kipimo chake cha saa 0, kisha ongezeko la PBS litolewe kwenye la SEA. Mpimaji awe mmoja, asijue wayo upi una nini. Wayo una kama milimita 2 tu. Ukibana kalipa (kifaa cha kupimia unene) kwa nguvu unakamua maji ya uvimbe. Halafu kata tishu ya saa 24. Chembe nyeupe za damu aina ya neutrofili zikitawala, uwe na shaka kama ni mzio wa kuchelewa. Tafuta aina nyingine, limfosaiti (zikiwemo seli T) na makrofaji. Eosinofili zisikushtue, kichocho huzileta kwa wingi.

Mpimaji
Asanteni sana. Panya wa wiki ya 20 ya maambukizi wanavimba kidogo mno. SEA imeharibika?

Limfu
Si lazima. Minyoo huanza kutaga mayai wiki ya 5 hivi, mwitikio hufika kileleni karibu na wiki ya 8, kisha mwili wenyewe huupunguza. Chupa ileile wachome wa wiki ya 8 siku hiyohiyo. Wakivimba vizuri, SEA ni nzima. Kwa uthibitisho, kundi moja la panya wasioambukizwa lipe seli za wengu za panya walioambukizwa, jingine seramu (maji ya damu) yao, kisha wachome SEA. Mzio wa kuchelewa huhama na seli T, seramu haiuhamishi.