Mjadala: Je, nyumba ya mawe ya Karen Blixen inastahili kuendelea kulindwa?

Ndugu wanajamvi,

Hoja iliyo mezani ni kwamba nyumba ya Karen Blixen, mwandishi wa Kidenmark aliyekuwa mlowezi hapa Kenya, iliyoko katika kitongoji cha Karen jijini Nairobi, ni makazi ya mlowezi tu, na kwamba Wakenya hawana sababu ya kuitunza ilhali makazi ya wapigania uhuru yanaporomoka. Mimi nasema ilindwe. Hata hivyo, sikubaliani na wale wanaoitetea kwa kusema kwamba ni nyumba nzuri ya mwandishi mashuhuri, kwa sababu utetezi wa namna hiyo ndio unaowapa wapinzani nguvu.

Jengo lenyewe lilijengwa mwaka 1912 na mhandisi wa Kiswidi, Åke Sjögren, na likawa nyumba ya shamba la Blixen na mumewe walipolinunua mwaka 1917. Halina ghorofa, limetandaa chini, lina vyumba vipana, kuta za mawe ya kijivu, paa la vigae, na baraza ambayo mtu akiketi huitazama milima ya Ngong. Ujenzi wa aina hii ulikuwa mtindo wa kawaida wa walowezi, na kwa maoni yangu ukawaida huo ndio thamani yake, kwa kuwa unatuonyesha jinsi tabaka zima lilivyotaka kuishi na lilivyotaka kuonekana.

Sasa tutoke nje ya baraza. Ekari zipatazo 600 za shamba lile zilipandwa kahawa, na mitambo ya zamani ya kahawa ingali katika eneo la nyumba. Kahawa haikujipalilia. Chini ya sheria ya mwaka 1918, skwota, yaani Mwafrika aliyeishi katika shamba la mlowezi, alitakiwa kumfanyia mlowezi kazi kwa siku zisizopungua 180 kila mwaka ili aruhusiwe kukaa, kulima na kuchunga mifugo yake shambani. Yaani nusu ya mwaka wa mtu mzima ilikuwa mali ya mwingine. Shamba lilipouzwa mwaka 1931, baada ya kahawa kushindwa kustawi vizuri katika mwinuko ule, maskwota walikabiliwa na kufukuzwa, na Blixen mwenyewe aliiomba serikali ya kikoloni iwape ardhi ya kukaa pamoja. Mnunuzi aliligawa shamba kuwa viwanja, na hapo ndipo kilipozaliwa kitongoji ambacho leo tunakitaja kwa bei za ardhi yake bila kukumbuka waliokilima. Tukiibomoa nyumba hii, tutakuwa tumeondoa kielelezo kinachoweza kusimulia mambo hayo yote mahali yalipotokea.

Kuhusu hoja ya kwamba tumewasahau mashujaa, nakiri kwamba ina uzito, lakini dawa yake si kubomoa. Makumbusho ya Taifa ya Kenya, yanayoitunza nyumba hii, ndiyo pia yanayotunza seli za Kapenguria walimofungwa Jomo Kenyatta na wenzake, na Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 haibagui kati ya nyumba ya bwana na chumba cha mfungwa. Tena serikali yetu haikuinunua nyumba hii. Denmark iliinunua na kuitoa kwa Kenya kama zawadi ya uhuru, mwaka 1964.

Lawama yangu iko kwingine. Nyumba hii ilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1986, mwaka mmoja baada ya filamu iliyotokana na kitabu cha Blixen, Out of Africa, kutolewa, na filamu hiyo imeingia hadi vyumbani. Baadhi ya samani ni zile ambazo Blixen alikuwa amemuuzia mlowezi mwenzake, Lady McMillan, zikapatikana tena baadaye. Nyingine ni vifaa vilivyotumiwa katika filamu. Mgeni aliyelipa kiingilio ana haki ya kujua kiti kipi ni ushahidi wa historia na kipi ni pambo la sinema. Mawe ya ukutani ni ya kweli. Visiwekwe ndani vitu vinavyoyafanya yatiliwe shaka.

Kwa hiyo napendekeza ulinzi usiishie kwenye kuta na paa, bali mitambo ya kahawa na uwanja unaoizunguka vihesabiwe kuwa sehemu ya jengo, kila samani iandikwe asili yake, na chumba kimoja kizima kitengwe kwa ajili ya maskwota na masimulizi ya vizazi vyao. Anayepinga kulindwa kwa nyumba hii na atuambie masimulizi hayo yatawekwa wapi pengine.