Mshahara upo ila kazi siifurahii, nifanyeje wakuu?

Mtumba_Boy: Wakuu salama? Mi niko masjala huku Mji wa Serikali, mshahara hauchelewi namshukuru Mungu, ila asubuhi nikipanda daladala moyo unakuwa mzito kweli, mafaili yale yale na bosi hata ahsante hana. Nyie mnaipendaje kazi?

Baba Junia: Pole mkuu. Likizo unaenda? Sheria ya Ajira ya 2004 inakupa siku 28 kwa mwaka na unalipwa, watu wanazisusia alafu wanaichukia kazi bure. Uchovu nao unafanana sana na kuchukia kazi.

Dada wa Chang'ombe: Mdogo wangu, mimi kilichonirudisha ni watu. Alikuja mzee katoka Kongwa na karatasi zake kwenye mfuko wa rambo, kazungushwa wee, nikamtafutia faili palepale, akanishika kwa mikono yote miwili hawezi hata kuongea. Tangu hapo kila faili najiuliza la nani. Omba wakuhamishie kaunta uwe unaonana na wenye mafaili, huko ndani utanyong'onyea tu.

Mtumba_Boy: Ahsante sana dada, kaunta kuna nafasi kweli, Jumatatu naenda kuongea na bosi.